SOMO LA NYUMBANI: KUMTOA MTEKAJI KATIKA KOMPYUTA



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya miche, kupalilia, kuanika na bei. Leo twaomba ruhusa tuzungumze juu ya kompyuta ya nyumbani. Wengi wetu sasa tunaweka ndani yake mambo ambayo zamani tuliyaandika katika daftari: hesabu ya wachumaji, pishi za kila siku, madeni, na barua za benki. Kitu kinachobeba amana za watu chapasa kilindwe kama ghala.

Msimu uliopita mwanachama mwenzetu mmoja, mtu mzima, alifika ofisini na kompyuta yake ya kupakata ameifunga katika kanga. Ndani yake mlikuwa na hesabu za wachumaji waliopatana naye kulipwa mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ulikuwa umebakia siku nne. Mjukuu wake wa kike ndiye mwandishi wa hesabu hizo. Taabu yao ilikuwa hii: kila wakifungua intaneti, ukurasa unaotokea si ule waliouzoea. Wakitafuta neno, jibu hupita kwanza mahali wasipopajua, kisha huja limejaa matangazo. Siku moja mtoto alitafuta ukurasa wa benki, na jina lililokuwa juu kabisa likampeleka kwenye ukurasa unaofanana na wa benki, ukamtaka nambari ya akaunti na neno la siri. Alhamdulillahi, mtoto alitazama anwani akaona jina la benki limezidi herufi moja, akafunga upesi.

Fundi mmoja alikwisha kumwambia mzee kwamba dawa ni moja tu, kufuta kila kitu kilichomo na kuanza upya. Mzee akatuuliza, “Na pishi za watu nitazijua vipi?”

Tukakaa naye jioni mbili. Hesabu zilisalimika, na wachumaji walilipwa siku yao. Hatukununua kitu. Yale tuliyoyafanya, pamoja na kosa tulilolifanya jioni ya kwanza, ndiyo somo letu la leo. Maelezo haya ni kwa kompyuta za Windows. Iweke karatasi hii kando ya kompyuta yako, ufuate hatua moja baada ya moja.

1. MTEKAJI NI NINI

Programu ya kufungulia kurasa za intaneti huitwa kivinjari. Vivinjari vinavyojulikana sana ni Chrome, Edge na Firefox. Mtekaji ni programu inayokiingilia kivinjari na kukigeuza njia bila ya mwenyewe kutaka. Chombo ni kile kile, tanga ni lile lile, lakini usukani umeshikwa na mtu mwingine. Hubadilisha ukurasa wa mwanzo, hubadilisha mtambo wa kutafuta, na hufungua matangazo yasiyoitwa. Aghalabu hujiwekea vibaraka, ili mwenye nyumba akirekebisha asubuhi, jioni mambo yarudi vile vile.

Mtu atauliza, anapata faida gani? Utafutaji wa intaneti huendeshwa kwa fedha za matangazo, na anayepeleka watafutaji kwenye matangazo hulipwa. Basi mtekaji hulichukua neno ulilotafuta, hulipitisha kwake, kisha mara nyingi hukupeleka kwenye mtambo wa kweli ili usishuku. Kila ukitafuta, yeye anatoza ushuru wake. Hilo ni jambo la kwanza. La pili, anaweza kuweka kumbukumbu ya kila unachokitafuta. La tatu, na ndilo kubwa, anaweza kukupeleka kwa matapeli, kama ilivyotaka kutokea kwa mjukuu wa mwenzetu.

Jambo hili si geni. Mwaka 2003 alitokea mtekaji aitwaye CoolWebSearch, aliyewasumbua watu wengi duniani. Kijana mmoja wa Uholanzi, Merijn Bellekom, alitunga programu ya kumtoa, nayo ilisifika sana. Mwezi wa Juni 2017 kampuni ya ulinzi wa kompyuta iitwayo Check Point ilitangaza khabari za mtekaji mwingine, Fireball, ikakadiria kwamba ameingia katika kompyuta milioni 250. Microsoft ilisema hesabu hiyo imetiwa chumvi. Lakini juu ya njia aliyoingilia hapakuwa na ubishi: alipakiwa pamoja na programu za bure.

2. HUINGIA KWA NJIA GANI

Mtekaji mara nyingi havunji mlango. Hufunguliwa na mwenye nyumba.

Programu nyingi za bure ni kama gunia lisilochambuliwa: karafuu zimo, na makonyo yamo. Mtu hutaka programu ya kugeuza picha au ya kuchezea muziki. Wakati wa kuiweka hutokea kurasa kadhaa za maneno madogo, na katika moja yao mna kisanduku ambacho kimekwisha kutiwa alama, kinachosema kwamba umekubali na kitu cha pili. Mwenye haraka hubonyeza “endelea, endelea” mpaka mwisho. Tulipomwuliza mjukuu wa mwenzetu aliweka nini, alimtazama babu yake akasema, “Babu, mimi sikuweka kitu kibaya. Nilikuwa nakubali tu.” Hakusema uwongo. Ndivyo hasa inavyokuwa.

Njia ya pili ni tangazo la uwongo linalokuambia kwamba kivinjari chako kimepitwa na wakati, bonyeza hapa ukipate kipya. Njia ya tatu ni viendelezi, yaani programu ndogo zinazopachikwa katika kivinjari ili kukiongezea kazi. Vingine ni vya manufaa, lakini vingine vimevaa nguo ya kuazima.

3. KABLA YA KUANZA

Kwanza, nakili hesabu zako, barua zako na picha zako kwenye flashi. Nakili mafaili yako mwenyewe tu. Programu usizichukue, usije ukambeba mgeni ukamhifadhi.

Pili, usiingie benki wala barua-pepe katika kompyuta hiyo mpaka iwe safi.

Tatu, usitafute dawa kwa kutumia kivinjari kilichotekwa. Huyo huyo mtekaji ndiye atakayekuonyesha dawa, nayo itakuwa ndugu yake. Ukihitaji kupakua kitu, tumia kompyuta nyingine iliyo salama.

Nne, ukitokea ukurasa unaopiga kelele kwamba kompyuta yako imo hatarini, piga simu nambari hii, usipige. Windows haimwandikii mtu nambari ya simu katika onyo lake. Funga kivinjari, kikikataa kufunga, zima kompyuta.

4. KAZI YENYEWE

Jioni ya kwanza sisi wenyewe tulikosea. Tulirudisha ukurasa wa mwanzo, tukaondoa kiendelezi kimoja, tukaona mambo yametengenea, tukampa mzee kompyuta yake. Asubuhi akarudi nayo, ukurasa ule ule mgeni umekaa kitako. Tulikuwa tumekata majani tukaacha mizizi. Mtekaji ana mizizi mingi, na ukisahau mmoja, huo mmoja huiotesha iliyobaki. Kwa hiyo fuata hatua zote, hata ukiona ya kwanza imekwisha kufaa.

Hatua ya kwanza: Ondoa programu. Fungua mipangilio ya Windows, uingie mahali penye orodha ya programu zilizowekwa, na uipange kwa tarehe. Jiulize taabu ilianza siku gani, kisha tazama kilichoingia siku hiyo. Sisi tuliikuta programu ya kugeuza picha, na kando yake mbili nyingine za tarehe ile ile ambazo hakuna aliyezijua. Moja ya hizo ndiyo tuliyoiacha jioni ya kwanza, kwa sababu jina lake lilikuwa la heshima. Ziondoe moja moja. Nyingine wakati wa kuondoka huuliza maswali ya hila, kama vile, “Wataka tubakishe ulinzi wa utafutaji?” Jibu hapana. Lakini usifute kwa kubahatisha: vitu vya Microsoft, vya mtengenezaji wa kompyuta na vya printa viache mahali pake. Ukimaliza, zima kompyuta na uiwashe tena.

Hatua ya pili: Ondoa viendelezi. Katika mstari wa anwani wa Chrome andika chrome://extensions, katika Edge andika edge://extensions, na katika Firefox andika about:addons. Utaona orodha. Kila usichokijua na usichokihitaji, kiondoe. Kama akaunti yako ya Chrome imefunguliwa katika kompyuta mbili, angalia na ya pili, maana kiendelezi kilichoondolewa hapa chaweza kurudi kutoka kule.

Hatua ya tatu: Rudisha mipangilio ya asili. Katika Chrome andika chrome://settings/reset, na katika Edge andika edge://settings/reset, kisha ukubali kurudisha mipangilio ya mwanzo. Katika Firefox andika about:support, nawe utaona kitufe cha kukifanya kivinjari kuwa kipya. Watu huogopa hatua hii wakidhani watapoteza kila kitu. Sivyo. Kurasa ulizozitia alama na maneno ya siri uliyoyahifadhi hubaki. Kinachobadilika ni ukurasa wa mwanzo, mtambo wa kutafuta, na viendelezi, ambavyo huzimwa au huondolewa. Na baadhi ya kurasa zitakutaka uingie upya.

Hatua ya nne: Kagua alama za kufungulia. Ile alama unayoibonyeza ili kivinjari kifunguke ina anwani nyuma yake. Ibonyeze kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ufungue sifa zake, utazame mstari unaoonyesha programu ilipo. Ukikuta baada ya chrome.exe kumefuatishwa anwani ya ukurasa wa intaneti, huyo ni mgeni: kila ukifungua kivinjari, unamfungulia na yeye. Iliyo nyepesi ni kuifuta alama hiyo na kutengeneza mpya. Kivinjari chenyewe hakifutiki kwa kufuta alama. Huu ndio mzizi wa pili tuliousahau.

Hatua ya tano: Tazama amri za shirika. Baadhi ya watekaji hujifanya ofisi. Kivinjari kina mlango uliowekwa kwa ajili ya makampuni, ili mkuu wa ofisi aweze kupanga kompyuta za wafanyakazi wake, na mtekaji hupita humo. Ukifungua orodha ya Chrome ukaona maneno yanayosema kwamba kivinjari chako kinasimamiwa na shirika, na kompyuta ni yako ya nyumbani, shuku. Andika chrome://policy, au katika Edge edge://policy, utaona amri zilizowekwa. Wakati mwingine programu halali ya kukinga virusi huweka amri yake, kwa hiyo soma vizuri. Lakini ukikuta amri inayolazimisha ukurasa wa mwanzo au kiendelezi usichokijua, umemkuta mwizi darini. Amri hizi huandikwa katika daftari kuu la Windows, na daftari hilo si la kuchezewa na asiyelijua. Neno moja likifutwa vibaya, kompyuta huweza isiwake. Iachie hatua ifuatayo, au umwite ajuaye.

Hatua ya sita: Pima kompyuta nzima. Windows 10 na Windows 11 zina mlinzi wao wa bure, Microsoft Defender. Fungua mahali pa usalama wa Windows, uchague upimaji kamili, uache kazi iende hata ikichukua saa nyingi. Ukiisha, chagua upimaji wa nje ya mtandao; kompyuta itajizima, itajipima kabla ya Windows kuamka, kisha itawaka, muda wa robo saa hivi. Baada ya hapo waweza kutumia AdwCleaner, programu ya bure ya kampuni ya Malwarebytes, iliyotengenezwa khasa kwa ajili ya wageni wa namna hii. Ipakue kutoka kwa kampuni yenyewe, katika kompyuta iliyo salama, uilete kwa flashi. Itakuonyesha ilichokiona, soma kwanza, ndipo uruhusu iondoe.

Hapa tunatoa tahadhari moja. Maelekezo mengi ya zamani humwambia mtu atumie kifaa cha kusafishia kilichokuwa ndani ya Chrome. Kifaa hicho kiliondolewa mwaka 2023. Usipoteze wakati kukitafuta, na anayekuambia anacho, mwogope.

Hatua ya saba: Jaribu. Zima, washa, tafuta neno lolote, utazame anwani. Fanya hivyo siku mbili tatu. Akirudi, basi kuna mzizi uliobaki. Anza tena hatua ya kwanza bila ya kukata tamaa.

Kuna taabu moja inayofanana na hii nayo siyo. Ukiona matangazo madogo yanachungulia pembeni mwa kioo, lakini utafutaji uko sawa, huenda ni ukurasa uliouruhusu kukutumia arifa. Ingia katika mipangilio ya kivinjari, mahali pa arifa, uzifute ruhusa za kurasa usizozijua.

5. BAADA YA KUSAFISHA

Mwizi akishatoka, kufuli hubadilishwa. Badilisha maneno yako ya siri: kwanza la barua-pepe, maana lenyewe ndilo ufunguo wa mengine, kisha la benki. Usitumie neno moja kwa milango miwili. Kama wewe au mtoto wako mlikwisha kuandika neno la siri katika ukurasa wa uwongo, usingoje kompyuta isafike: nenda benki siku ile ile, wala usione haya. Aibu ya saa moja ni nyepesi kuliko jasho la msimu mzima.

Na je, hutokea kweli kwamba kufuta kila kitu ndiyo dawa? Hutokea, pale ambapo mgeni ameingia ndani mno na hatua zote zimeshindwa. Lakini hiyo ni dawa ya mwisho, na haifanywi kabla ya mafaili kunakiliwa. Fundi akitaja kufuta kabla hajatazama, mwombe atazame kwanza.

6. KINGA

Programu ipakue kutoka kwa aliyeitengeneza, si kutoka ukurasa wa mpita njia. Wakati wa kuiweka, chagua njia ya kujipangia mwenyewe, uache ile ya haraka, na kila kisanduku kilichotiwa alama kisome kabla ya kukubali. Katika usalama wa Windows, mahali pa kudhibiti programu, washa ulinzi wa kuzuia programu zisizotakiwa. Ukurasa wa benki usiutafute; andika anwani yake mwenyewe, au uutie alama mara moja na uufungue kwa alama hiyo siku zote. Mwenye Windows 10 ajue kwamba msaada wake wa kawaida ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Ikiwa kompyuta yako yaweza kubeba Windows 11, hamia huko.

La mwisho, nakala ya hesabu iwe mahali pawili: flashi moja kabatini, na mwisho wa kila wiki uandike jumla katika daftari. Mwenzetu yule sasa hufanya hivyo. Mjukuu huandika katika kompyuta, babu huandika katika daftari, na Ijumaa jioni hukaa wakalinganisha. Kompyuta ikiugua tena, pishi za watu hazitapotea.

Mwanachama ambaye hatua hizi zimemshinda na aje ofisini na kompyuta yake, pamoja na huyo kijana anayeitumia. Asimgombeze njiani. Tunamhitaji atuambie aliweka nini na siku gani, na mtoto aliyetishwa husahau.

MASWALI YA KUJIJARIBU

1. Kwa nini haifai kutafuta dawa ya mtekaji kwa kivinjari kilichotekwa?
2. Umeondoa kiendelezi na ukurasa mgeni umerudi asubuhi. Taja mahali patatu pa kutazama.
3. Kurudisha mipangilio ya asili hubakisha nini, na hubadilisha nini?
4. Ni neno lipi la siri lianze kubadilishwa, na kwa sababu gani?
5. Hesabu za wachumaji wako wa msimu huu ziko mahali pangapi? Kama ni pamoja tu, acha kusoma, nenda ukazinakili sasa hivi.